Alama Kamili za Kula

Kazi yangu katika mji wa Baraka, kando ya ziwa, ilikuwa kupima jinsi watu wanavyoishi. Najua inavyosikika. Nilisoma miaka mingi chuo kikuu ili nije kumuuliza mtu mzima kama anaweza kuvaa shati lake, kufika chooni na kupeleka tonge mdomoni. Mjini hawakuwa na jina la kazi hiyo. Daktari alikuwa na dawa, mkunga alikuwa na watoto, mimi nilikuwa na vijiko vya mpini mnene, basi nikaitwa mama dokta wa vijiko. Niliudhika kwa muda, kisha nikaona jina ni la haki.

Mgonjwa ninayemkumbuka alikuwa mjane wa makamo, mwanikaji wa ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani. Kiharusi kilimwacha akiburuta mguu kidogo, na mkono wa kulia ulilala kabisa. Aliishi katika ua wa marehemu mumewe pamoja na wifi zake wawili na watoto wao. Fomu yetu ilianza na swali zuri: unataka kufanya nini tena? Wengi huomba kutembea, au kurudi shambani. Yeye alisema, "Nataka kula na benzangu."

Nikaandika: kula.

Sikuona kosa la kuwaacha hao wenzake. Nafasi ya jibu ilikuwa fupi na pikipiki ilikuwa inanisubiri. Fomu ile ilitungwa na watu ambao kila mmoja hula kwenye sahani yake, na mimi, niliyezaliwa hapo jirani, Fizi, na kugombea samaki kwenye sinia moja na ndugu zangu, niliijaza kana kwamba nilikulia kwao.

Mkono wa kulia ulihitaji miezi mingi ya mazoezi. Wa kushoto ulikuwa mzima. Kwa hiyo nikaufundisha wa kushoto kumega bugali, kuubonyeza, kuchota sombe, ile mboga ya majani ya muhogo. Nilikuwa nafika saa nne asubuhi, saa ya ofisi, naye ananisubiri na kipande cha bugali wa jana, uliopoa, alichoweka kwa ajili ya somo. Mwanzoni aligeukia ukutani kwa aibu. Nikamwambia ni mazoea tu. Baada ya wiki kadhaa alikuwa anakula bila kumwaga hata chembe, nikampa alama nne kwa nne. Kituo chetu cha afya kilikuwa na sheria: mwenye alama kamili anatoka kwenye orodha, nafasi yake anapewa mwingine. Nilifunga faili lake kwa furaha na kumtaja kwenye ripoti kama mfano wa kazi njema. Aliniuliza tu kama sitarudi kuunyoosha ule wa kulia. Nikamjibu kwamba hauhitaji tena.

Miezi ikapita. Siku moja nilikuwa natoka safari ya Kilembwe, pikipiki ikazama kwenye tope mara tatu, na badala ya kufika Baraka asubuhi nikafika saa ya chakula cha mchana. Nikapita kumsalimia. Wifi zake na watoto walikuwa wamelizunguka sinia. Yeye alikuwa nyuma ya jiko, juu ya jiwe, na sahani ya plastiki, amewapa mgongo.

Kwa sauti ya mtu wa ofisi nilimuuliza wifi mkubwa kwa nini wamemtenga. Hakukasirika. Alinieleza taratibu, kama unavyomweleza mgeni: hawajamtenga, wao ndio wanamfulia, wanamsuka, wanamchotea maji. Lakini mkono ule wa kushoto ndio anaojisafishia chooni, na mwingine hana. Nani atauingiza kwenye chakula cha watu?

"Mbele ya we kuja, tulikuwa tunamukulisha hapa hapa, katikati yetu, na mikono yetu," akasema. "We ndiye ulimufundisha ajikulishe."

Wifi mdogo, mwenye mdomo, akaniinulia jagi la maji ya kunawa. "Mama dokta, we si umesoma? Nawa basi, kula naye."

Watoto wakacheka. Nikaitazama ile sahani, nikaona alama za vidole vyake kwenye bugali, na mkono wangu, ambao haukuwahi kusoma chuo kikuu, ukalikwepa jagi. Nikasema nimekula njiani. Kila mtu pale alijua kwamba kwenye njia ile hakuna pa kula.

Mgonjwa wangu hakugeuka. "Mumuache," akasema. "Dokta ameshiba."

Kituoni nilimwomba mkuu wangu afungue faili upya. Akaniuliza ni kipengele gani amefeli. Nikapekua kurasa zote mbele yake. Kote alikuwa amefaulu, kwa mwandiko wangu.

Wiki iliyofuata nilirudi makusudi saa sita, sijatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Nikanawa, nikaenda nyuma ya jiko, nikachuchumaa karibu na lile jiwe na kunyoosha mkono kwenye sahani. Aliutoa mkono wake kwenye sahani. Kisha akaisukuma sahani nzima upande wangu.

"Kula, dokta. Mugeni anakula kwanza."

Akasimama kwa kuegemea ukuta, akaburuta mguu hadi kwenye ndagala waliokuwa wameanikwa, akaanza kuwageuza kwa mkono wa kushoto. Kwa kazi, mkono ule ulikuwa umeruhusiwa.

Ningeweza kumfuata. Sikujua ningemwambia nini. Kuacha chakula ulichopewa ni tusi, na kwenye sinia wifi zake walikuwa wameacha kutafuna ili wanitazame. Bugali ulikuwa bado wa moto. Nikala tonge baada ya tonge, nikamaliza chakula chake chote cha mchana, naye hakugeuka.