Komeo la Nje

Mtaani walimwita Fundi Mapazia, ingawa alikuwa na kazi mbili. Alishona mapazia, na wateja wakipungua aliandika hadithi za mapenzi kwenye simu. Mwanamume wake alikuwa yuleyule kila hadithi: tajiri, mkali, mwenye wivu wa kuua, anayemfungia mpenzi wake ndani kisha anarudi akilia. Wasomaji wake hoi! "Fundi, huyu umemtoa wapi? Na sisi tuletee!"

Amtoe wapi kama si kwao? Baba yake alimfungia mama yake chumbani kila alipokwenda kazini, komeo kwa nje, jioni akarudi na manukato. Mama akamtuliza mtoto wake kupitia mlangoni: "Usilie. Anaogopa kunipoteza, ndiyo mapenzi hayo." Mtoto angejuaje? Akakua na maneno hayo, akaolewa nayo, akaachika nayo, na bado akayatia kwenye kila hadithi. Tena kwa raha, tusidanganyane.

Wiki ya harusi ya binti yake wa pekee, alikwenda naye kupima madirisha ya nyumba ya maharusi. Sebule safi, jiko safi. Alipofika chumbani akakwama na utepe wake mkononi. Mlango ulikuwa na komeo jipya, upande wa nje.

"Hili la nini?"

Binti akacheka. "Mama nawe! Mwenzangu ana wivu, basi. Nilipoliona moyo ulinienda mbio. Kama yule wako wa hadithi."

Fundi akatoa bisibisi aliyofungia fimbo za mapazia, akaanza kulegeza skrubu. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe hakujua amtupie nani.

"Zile ni uongo, mwanangu. Bibi yako alijisaidia kwenye ndoo mle ndani, mchana kutwa. Mimi ndiye niliyekuwa naimwaga jioni akifunguliwa. Usiolewe na huyu, nakuomba."

"Hadithi zako zote nimezisoma, mama, tangu nikiwa shule. Hiyo ndoo mbona hukuiandika hata mara moja?"

Binti akainama, akaokota skrubu sakafuni moja moja, akamnyang'anya bisibisi taratibu.

"Wewe huwezi kuelewa," akasema, akilirudisha komeo mahali pake. "Anaogopa kunipoteza. Ndiyo mapenzi hayo."