Aliniambia Kuhusu Mkasi, Sikumuuliza Sababu

Admin, ficha jina langu lakini usipunguze ukali wangu, maana safari hii ninajishambulia mwenyewe. Nina miaka hamsini na mmoja, ni Mnyarwanda niliyekulia Tanzania, ninaishi Kagarama hapa Kigali, na kazi yangu ni ushauri nasaha. Nimesoma sana, nimegombana sana. Kwa miaka mingi nimewapiga vijembe wenzangu wanaokaa mbele ya mtu aliyeumia wakitikisa kichwa na kusema "mm-hm" saa nzima. Niliwaita wavivu. Vijana waliojifunza kazi kwangu niliwafundisha hivi: uliza swali la ndiyo au hapana, mwonyeshe mteja pale anapojipinga mwenyewe, kisha mpe agizo la kutimiza kabla hamjaonana tena.

Mwaka huu akaja mwanamke, fundi cherehani wa mtaa wa Gitega. Nimwite Mwamini, nimebadilisha jina na mambo madogo ili asitambulike. Ana miaka thelathini na mbili. Alisema usingizi umemkimbia, na kwamba anaishi na dada yake aliyemlea tangu mama yao afariki. Nikaona nimeshaelewa. Nikaanza.

"Dada anakuruhusu kutoka peke yako?"

"Hapana, Mama."

"Anakupangia saa za kazi?"

"Yego, ndiyo. Hata mkasi anauchukua akitoka."

"Unaweza kujifungia chumbani?"

"Hapana."

"Halafu unaniambia anakupenda. Mtu anayekupenda anakunyima mlango?"

Alitazama mikono yake. Kisha akafungua mdomo, akavuta pumzi kama mtu anayejiandaa kueleza jambo refu. Nami, Mungu anisamehe, nikamwambia, "Nijibu tu. Ndiyo au hapana?"

"Hapana, Mama."

Niliweka kiti kitupu mbele yake, nikamwambia ndiye dada. Nikampa maneno: "Mimi si mtoto wako. Ninahama." Aliyarudia mara nne, mpaka sauti ikaacha kutetemeka, nami nikapiga makofi. Nikamwagiza ayaseme Jumapili, na ahame kabla ya mwisho wa mwezi. Mtu wa hapa Kigali hambishii mkubwa wake usoni, hasa mkubwa mwenye ofisi na vitabu ukutani. Desturi hiyo ninaijua tangu utotoni, nyumbani tulilelewa hivyo hivyo. Bado utii wake niliuhesabu kuwa ni kupona.

Akasema, akahama, akapanga chumba Rebero. Niliwasimulia wenzangu kisa hicho kwa majivuno.

Wiki ya tatu akaja dada mtu, mwanamke mnene anayeuza sambusa, akaweka mkasi juu ya meza yangu.

"Wewe ndiyo mama wa vitabu?"

"Karibu, keti."

"Siketi. Mwamini iko na kifafa tangu mutoto. Tunaficha, sababu wateja wakijua watakimbia, na mwanaume wa kumuoa hatakuja. Mkasi ninachukua asiangukie. Mlango ninakataza ili nikisikia kishindo niingie. Juzi ameanguka kwa hicho chumba chako cha Rebero, mkono juu ya pasi ya makaa. Umeungua mpaka kwa kiwiko."

Nikasema nitamwambia arudi nyumbani leo leo.

"Usimwambie!" alinikemea. "Atarudi sababu wewe umesema. Yale maneno alinipiga nayo Jumapili yalikuwa yako, mimi ninajua maneno ya mutoto wangu. Nataka arudi na ya kwake."

Alhamisi Mwamini alikuja na bandeji, na shukrani. Anameza dawa zake, jirani ana ufunguo wa akiba. Alijua dada yake amenieleza. Kwa mara ya kwanza nilimuuliza swali lisilo na jibu la neno moja: nini kilimzuia kunieleza siku ile?

"Nilitaka kusema, Mama. Ulisema nijibu tu."

Kisha, bila kinyongo chochote, akaniuliza, "Sasa niambie. Nirudi ama nibaki?"

Nikamwambia tutaongea Alhamisi ijayo. Mimi wa maagizo!

Wapinzani wangu wasishangilie. Maswali mafupi yana kazi yake, na wapo watu walionusurika kwa sababu mtu aliwaambia wazi la kufanya. Mbinu sizitupi. Kosa ni langu: nilifika kwenye jibu kabla yake, nikatumia maswali kumburuta anifuate. Ule mdomo uliofunguka niliuona. Sikuweza kuvumilia dakika moja ya mtu mwingine kuongea.

Sasa nimekwama. Nikimwambia "nilikosea", ninavyomjua atafungasha mizigo jioni hiyo hiyo. Hata kuungama kwangu kutakuwa agizo, na dada yake atapokea tena maneno yangu. Nikinyamaza, analala peke yake na pasi ile. Nikimpeleka kwa mshauri mwingine, huenda nakimbia aibu yangu na kuiita utaalamu.

Alhamisi saa nne asubuhi atakaa kwenye kile kiti na kuuliza tena. Wenzangu mnaosoma hapa, na hasa ninyi mliowahi kukaa upande wake wa meza: nifungue kinywa changu kusema nini? Au nikifunge, na nikikifunga, nitawezaje kuvumilia mpaka aseme yeye?