Jina la Shangazi

Nilipokuwa mtoto pale Riruta, nilijua tayari kwamba niliwahi kufa. Hivyo ndivyo alivyoamini Kukhu, mama mzazi wa baba. Nilipozaliwa nililia mfululizo na kukataa titi, naye akaanza kunitajia majina ya marehemu wa ukoo wetu. Alipomtaja Nafula, binti yake aliyefariki kwa homa akiwa bado msichana, nikanyamaza na kunyonya. Wakasema amerudi, wakanipa jina lake.

Kila alipokuja Nairobi kutoka Bungoma, Kukhu alinikumbatia kabla ya wajukuu wengine wote. Aliniita mwanangu, si mjukuu wangu. Alinipikia mboga ya mrenda, ile ya kuteleza, kwa sababu Nafula aliupenda. Mimi ulinikwama kooni, lakini nilikula. Alinitazama kwa upendo mwingi, na hata kwa akili za kitoto niliona macho yake yananipita, yanamtafuta mtu mwingine. Nilitamani sana anione.

Nilipofikia umri aliofariki nao shangazi, mapema miaka ya sabini, Kukhu alikuja kukaa nasi. Mama alikuwa akiniandaa kwa ubatizo. Kukhu alikuwa na lake.

"Ukisikia jina lako linaitwa na humwoni anayeita, usiitike," alinionya. "Ni wao, wafu wetu, wanakutaka tena."

Niliogopa mpaka nikaacha kuitika kabisa, hata mama aliponiita kutoka jikoni.

Jumapili ya ubatizo tulijipanga mbele katika kanisa letu la mabati. Mchungaji akaita, "Nafula!" Nikakaa kimya. Akaita tena. Watu wakaanza kunong'onezana. Akaliacha beseni la maji, akaja kuchutama mbele yangu.

"Unaogopa nini, mtoto wangu?"

"Hilo jina ni la shangazi. Alikufa."

"Na wewe je?"

"Wanasema mimi ndiye yeye."

Hakucheka, wala hakuwasema vibaya wazee wetu. "Shangazi yako Mungu anamjua," alisema polepole. "Na wewe anakujua. Hawezi kuwachanganya. Sasa niambie, leo nambatiza nani?"

"Mimi," nikasema, na maji yakanishukia kichwani.

Tulipotoka tulimkuta Kukhu ameketi kwenye nyasi chini ya dirisha la kanisa, analia kama mtu aliye matangani. Miaka mingi ilipita kabla sijaelewa kwamba alikuwa akimzika binti yake, kwa mara ya kwanza. Jioni ile hakuniita mwanangu. Nililikosa neno hilo kiasi kwamba nilikaribia kumwendea nimwambie kwamba ni mimi, Nafula wake, nimerudi.

Kesho yake, akichambua mboga mlangoni, aliinua uso akanitazama.

"Mjukuu wangu," aliuliza, "wewe hupenda kula nini?"

"Viazi."

"Viazi!" Akacheka kama mtu aliyeletewa mgeni wa ajabu. Tukaongea hadi jua likaingia.

Alirudi Bungoma, akafariki kabla ya mavuno.

Watu huniuliza niliokoka lini, nami hukosa jibu wanalolitaka. Ninachojua ni kwamba siku ile niliitwa na Yule asiyenifananisha na mtu mwingine, na tangu hapo nipigapo magoti sijitambulishi. Ananijua. Hilo limenitosha katika mambo mengi. Ila kwa Kukhu bado nina kiu. Ndiyo kwanza tulikuwa tumeanza kujuana.