Mafuta ya Kwenda na Kurudi

Mume wa Nelima ana mwanya, na mwanya huo ndio ulioanza haya yote. Wangila akicheka, hata mwanamke aliyekuja kumgombeza kwa kumcheleweshea kabeji husahau alichotaka kusema. Sisi majirani wa Mashimoni tumeshauzoea. Nelima hajauzoea, ingawa amekuwa nao tangu walipooana Webuye na kumzaa binti yao Nasike.

Nelima ni fundi cherehani, mlango wake unatazamana na wangu. Hushona sare za shule na kanzu za kwaya, na mkono wake hauna mpinzani mtaani. Kwa wivu pia hana mpinzani. Yeye ndiye aliyenunua lile gari, Probox, kwa pesa za chama cha akiba na ng'ombe wa mamake, akampa Wangila ufunguo awe anawapelekea mboga akina mama wa Kawangware. Jioni ya siku ya kwanza Wangila alirudi amejaa habari: fulani kamwita shemeji, fulani kampa ndizi. Nelima hakuzigusa hizo ndizi. Alilala akiwaza kwamba gari lake mwenyewe ndilo litakalomfikisha mumewe kwa wanawake wenye maneno matamu.

Ndipo akabuni dawa yake. Gari hulala kwenye uwanja wa kanisa kando ya barabara, kwa sababu huku ndani hata mkokoteni hupita kwa kuomba. Kila asubuhi Nelima aliondoka na Wangila mpaka kituo cha mafuta. Alishuka yeye, akamwambia mhudumu amimine kidogo, na akasimama hapo mpaka aone bomba limetolewa. Mafuta ya kwenda na kurudi, basi. Taa ya manjano ya tangi ilikuwa inawaka karibu kutwa nzima.

"Akitaka hawara amwendee na miguu," aliniambia huku akikata uzi kwa meno. Nikacheka. Kusema kweli, nilimwona mwerevu.

Halafu gari likazima Gatina, huko huko Kawangware, kwenye kilima, likiwa na mzigo. Jirani na pale kuna fundi wa magari aitwaye Osewe. Alifungua kiti cha nyuma, akaichomoa pampu kutoka ndani ya tangi, akasema imeungua. Akaweka nyingine. Baada ya muda nayo ikaungua, akaweka ya tatu na kubadilisha filta. Hiyo ilipoungua akaweka ya nne, akabadilisha rilei ya umeme na nyaya, akaosha tangi akitafuta uchafu, asiuone. Na kila mara Wangila alishinda Gatina akisubiri, akarudi nyumbani giza limeingia, ameshiba.

Kushiba huko ndiko kulikomchoma Nelima. Angerudi na njaa angemhurumia. "Mama Kevin," aliniuliza, "pampu gani hii inaungulia Gatina peke yake? Barabara zote za Nairobi haizioni?" Mteja mmoja aliyekuja kuchukua sketi akamaliza kazi: alimwona Wangila kwenye benchi la Lavender, mama mmoja wa chapati na maharagwe karibu na gereji ya Osewe, wakicheka. Siku hiyo Nelima alishona mkono wa shati nje ndani. Chakula kikamshinda. Kila mwanamke aliyepita na sinia, Nelima alimtazama kama ndiye Lavender.

"Huyo Lavender ni mweupe?" alikuwa ananiuliza. "Ni mwembamba?" Ningejua wapi mimi? Lakini wivu hauulizi ili ujibiwe.

Simu ya pampu ya nne ilikuja mchana.

"Nelima, gari imezima tena. Ni pampu."

"Wapi?"

"Si hapa tu Gatina."

Akaivua futi shingoni, akaitupa juu ya cherehani. "Twende. Pafukapo moshi hapakosi moto, na leo huo moto nitauona na macho." Tukapanda boda boda moja sote wawili, na mimi si mwembamba.

Lavender hakuwa mrembo. Hilo lilimuumiza Nelima zaidi, niliona, maana mrembo angalau ungejua la kumlaumu. Alikuwa mama wa kawaida, aproni imejaa unga. Wangila alikaa kwenye benchi, sahani magotini, mwanya wote nje. Alipotuona akaufunga mdomo.

"Kwa hivyo pampu ndiyo hii?" Nelima alisema.

"Karibu, mama," Lavender alisema. "Kaa, chai iko."

"Chai yako sitaki."

Kabla moto haujashika, Osewe akatokea akifuta mikono, ameshika zile pampu zilizoungua. "Ni wewe mwenye gari? Nilikuwa nataka kukuona. Nimebadilisha kila kitu, imebaki sasa nijibadilishe mimi mwenyewe." Akaziweka kwenye benchi, kando ya sahani ya Wangila. "Sikia, mama. Hii kitu inakaa ndani ya mafuta, na mafuta ndiyo inaipoesha. Tangi ikiwa karibu tupu, halafu upande hii mlima na mzigo, mafuta inarudi nyuma, pampu inavuta hewa. Inachemka mpaka inaungua. Mara ya kwanza nilipata tangi iko karibu kavu, nikasema labda ni siku mbaya. Lakini kila nikifungua ni vile vile! Nani huwekea hii gari mafuta?"

Mimi nilitazama viatu vyangu.

"Ni mimi," Wangila akasema haraka. "Asubuhi huwa nimechelewa, naweka tu kidogo."

Alidanganya mbele za watu ili mkewe asiaibike. Nelima angeweza kushukuru na kunyamaza. Lakini pale pale Lavender akainamia chapati yake, akaigeuza, midomo ikibana cheko. Alijua. Wangila alikuwa amemsimulia, na siri ya nyumba ya Nelima ilikuwa imeliwa pamoja na maharagwe.

"Ni mimi ndiye naweka," Nelima akasema, na Osewe akapata jambo la kufanya upande wa pili wa gari. "Wangila. Huyu ulimjua lini?"

"Siku pampu ya kwanza iliungua."

"Kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo nilikuwa napita tu. Nashusha mzigo, naenda." Aliiweka sahani chini. Wala hakukasirika, na afadhali angekasirika. "Gari ilipozima, fundi akaniambia ngoja, na benchi ni hii moja. Nelima, mimi huyu mama sikuwa namjua. Wewe ndiye ulinikalisha hapa."

Nelima akakaa. Alikaa kwenye benchi hilo hilo, bila kukaribishwa tena.

Osewe alipomaliza kufunga pampu mpya, Nelima aliagiza mtungi wa petroli, akamimina mwenyewe mpaka ikamwagikia miguu yake. Tukaondoka, mimi nyuma na magunia matupu, wao mbele. Gari lilikipanda kile kilima bila hata kukohoa.

"Tangi nitakuwa najaza kila asubuhi," Nelima akasema.

"Sawa."

Kisha Nelima akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, sauti ya mtu anayeomba: "Baba Nasike, basi sasa utafute pengine pa kula."

Wangila akabadilisha gia. Alifikiri kweli, nilimwona kwenye kioo, wala hakuwa na nia mbaya.

"Nimeshazoea pale," akasema.