Vunjajungu Kwenye Kiondo cha Nzige

Mimi nina miaka sabini na zaidi. Nimemaliza njaa mbili na machifu watatu, lakini leo mdudu amenibishia.

Wakwe walikuwa njiani, sisi tunachambua nzige wa kukaanga.

Nikaona vunjajungu ndani ya kiondo, yule mdudu anayekunja mikono kama anaomba, ambaye watu husema huvunja vyungu.

"Kalondu, hata huyu ni nzige. Tia chunguni."

Mke wangu akakataa. "Baba Mutua, huyo akiingia, chungu cha mama yangu kitapasuka."

Nikamwambia watu wa ukoo mmoja hawalani. Nikamfungia vunjajungu kibuyuni na nzige aliye hai, Abdi aliyekuwa amepita kutusalimia akishika kibuyu.

Kufungua, nzige amebaki miguu tu.

"Ukoo gani huo, mzee?" akauliza Kalondu.

Basi nikampeleka vunjajungu kwenye mtama wangu aulinde dhidi ya nzige. Nani mwingine angefikiria hivyo?

Wakwe wameshiba, chungu ni kizima.

Mnaobisha, muulizeni Abdi, mwenye duka pale sokoni Kabati. Kibuyu alishika yeye.