Jerikeni Niliyoipeleka Madhabahuni

Mbuzi ndiye aliyenimaliza uvumilivu.

Ilikuwa Jumapili ya kiangazi, Arua yote vumbi. Mwanangu wa miaka mitatu alilia kiu tangu wimbo wa kwanza, nikamtoa nje kumpeleka kwenye bomba la kanisa. Nikakuta kufuli, na juu yake kibao: OKOA MAJI. Mzee wa kanisa, yule anayeshika funguo za kila kitu, akanipungia mkono kama anayefukuza kuku.

"Mama, hapa hakuna kuchota. Maji iko ya kuokoa. Wewe nenda pampu."

Pampu iko bondeni, nusu saa na mtoto mgongoni. Nikazunguka nyuma ya kanisa kutafuta kivuli, nikamkuta mbuzi chini ya tangi anakunywa taratibu, kama mgeni wa harusi. Boya la tangi, lile la kuzuia maji tangi likijaa, lilikuwa limekufa. Maji ya mji yaliingia bila kukoma, yakamwagika kwa juu, yakachimba kijito mpaka kwenye migomba ya jirani.

Mwanangu akaniangalia. "Mama, mbuzi iko na ufunguo?"

Nilimnywesha kwa kiganja. Mimi nimelelewa Koboko na bibi yangu, Mwislamu. Birika moja ilimtosha kutawadha, tena alikaa karibu na mpapai wake ili maji ya miguu yaishie kwenye shina. Na hakuwa na kibao.

Jumapili iliyofuata nilifika mapema, nikatega jerikeni chini ya yale maji. Kwaya haijamaliza wimbo wa pili, jerikeni imejaa. Wakati wa sadaka wenzangu walipeleka mihogo, mayai na kuku madhabahuni. Mimi nikapeleka jerikeni.

Kwetu sadaka ya namna hiyo hupigwa mnada nje baada ya ibada, na anayenadi ni nani? Mzee wa funguo. Aliuza kuku, akauza mihogo, akafika kwangu.

"Hii nini?"

"Maji, mzee."

"Ya wapi?"

"Ya hapa. Nimeyatoa kwa mbuzi."

Watu wakacheka. Mama mmoja wa kwaya akapaza sauti, "Inua juu tuone! Kuku uliinua!"

Akainua, jasho linamtoka. "Haya, nani anaanza?" Akaiweka chini. "Mama, hii haina bei."

"Kama haina bei," nikasema, "mbona mmeifungia kufuli?"

Hapo hata mchungaji aliinamisha kichwa kuficha kicheko. Umati wote ukanifuata nyuma ya kanisa kutazama kijito. Mchungaji aliporudi akaniambia nilete malalamiko kwa maandishi, baraza lijadili. Huambiwa hivyo mtu anayedhaniwa hataandika. Mimi nimefika kidato cha nne.

Jumatatu fundi akaja na boya jipya. Jumatano kufuli halipo. Mzee akanisimamisha njiani, mpole kabisa. "Mama, mambo imekwisha. Barua ya nini tena?"

"Imekwisha kwa sababu mliona aibu, mzee wangu. Aibu inasahaulika. Karatasi iko."

Niliandika nakala mbili. Sikuondoka ofisini mpaka yangu imegongwa muhuri:

*Kwa Baraza la Kanisa.*

*YAH: MALALAMIKO KUHUSU MAJI*

*Nalalamika kwamba kiangazi hiki mliwanyima watoto maji kwa jina la kuyaokoa, huku mkiyamwaga nyuma ya kanisa. Nashukuru kwa boya jipya. Sasa naomba haya: mtu apande ngazi kulikagua kila Jumamosi, na zamu yake iandikwe pale kilipokuwa kibao. Bomba lisifungwe tena wakati wa ibada. Maji ya kuoshea sakafu yapelekwe kwenye maua, yasitupwe barabarani. Kama mzee hawezi kupanda ngazi, mimi naweza.*

*Ni mimi, mama wa mtoto aliyeuliza kama mbuzi ana ufunguo.*