Aliyevikagua Vidonge Kabla 'Havijavumbuliwa'

Saa mbili asubuhi, Yadamma anasimama mbele ya mkanda unaopitisha vidonge vyeupe, kofia imefunika nywele zote, macho hayabanduki. Kilichopasuka anakitoa. Chenye doa anakitoa. Mwaka wa kumi na tisa huu, katika kiwanda kimoja cha dawa huko Jeedimetla, Hyderabad.

"Jicho langu mashine hailiwezi," anatamba.

Lakini Machi mwaka jana mkanda ulisimama. Maofisa wa mahakama waliingia na hati, wakazima mashine na kuipiga lakiri isiguswe. Kampuni moja ya ng'ambo ilidai kidonge hicho cha saratani ya damu ni uvumbuzi wake, na ina hataza: haki ya kukitengeneza na kukiuza peke yake hadi 2031.

Mdogo wake Yadamma, Narsimlu, hunywa kidonge hichohicho kila siku. Cha kiwandani kwao ni rupia 70. Cha kampuni ile ni rupia 3,200. Mshahara wa Yadamma ni rupia 17,000 kwa mwezi.

"Ilikuwa kama nimeambiwa nipange siku ya kumzika," anasema.

Wiki iliyofuata, mwanasheria wa kiwanda, Sahithi, aliwakusanya wafanyakazi kuwaeleza kesi. Wapinzani walisema walivumbua dawa hiyo 2011.

Yadamma aliruka kitini. "We mwanangu, umesema elfu mbili na ngapi?"

"Na kumi na moja, mama."

"Waongo wakubwa! Mimi nimevikagua hivi kabla Narsimlu hajaoa. Na alioa 2010!"

Wenzake waliangua kicheko. Sahithi hakucheka. "Mama, hebu rudia hapo."

Kiwanda kilikuwa kimebadilisha wamiliki. Hakuna mkubwa aliyekumbuka. Walipekua stoo siku tatu, vumbi hadi kooni, wakapata daftari la ukaguzi la Novemba 2009 pamoja na stakabadhi za hospitali zilizonunua. Kila ukurasa ulikuwa na sahihi ya Kitelugu: Yadamma.

"Jina langu mwenyewe!"

Alipanda treni hadi Chennai, kwenye ofisi ya hataza, kutoa ushahidi. Wakili wa kampuni akamtazama juu hadi chini.

"Mama, kemia umesomea wapi?"

"Sijasomea, bwana. Na kuandika uongo kwenye daftari la dawa pia sijasomea."

Januari hii hataza ilifutwa. Lakiri ikabanduliwa, mkanda ukaanza kuzunguka, na wanawake wa zamu ya asubuhi wakalia kama watoto.

Hata hivyo kampuni imekata rufaa, na kesi itasikilizwa Septemba. Yadamma bado haamini kwamba mtu anaweza kudai alichokikuta kimeshatengenezwa, na akapewa.

Ameshaomba likizo ya siku nne. Safari hii hatakwenda peke yake.

"Narsimlu nitamkalisha kiti cha mbele kabisa," anasema. "Wakianza kuzungumza habari za haki yao, wazungumze wanamtazama usoni."